Platini ya Mitoni

Si kila kitu cha thamani hupokewa kwa shangwe siku kionekanapo mara ya kwanza. Katika karne ya 18 Wahispania walikuwa wakitawala nchi ambayo leo yaitwa Kolombia, na ndani ya nchi hiyo palikuwa na jimbo la misitu minene na mvua nyingi mno, jina lake Chocó. Mito ya jimbo hilo, hasa mto San Juan na vijito vyake, ilikuwa na dhahabu mchangani. Kazi ya kuiosha ilifanywa na watumwa, Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu pamoja na watoto wao waliozaliwa utumwani. Walisimama majini kutwa, migongo imepinda, mikononi wameshika bakuli pana la mti, wakizungusha mchanga na maji mpaka yakabaki mashapo kidogo chini ya bakuli. Katika mashapo hayo dhahabu haikuwa peke yake. Palikuwa na chembe nyingine, rangi yake ya kijivu iliyokaribia weupe, nzito karibu sawa na dhahabu, wala moto wa mafundi wa siku zile haukuweza kuziyeyusha. Wahispania waliziita platina, yaani "fedha ndogo", na hilo lilikuwa jina la dharau.

Dharau ikageuka kuwa hofu. Maadamu chembe hizo zilikaribiana na dhahabu kwa uzito, mjanja aliweza kuzichanganya na dhahabu ya mfalme, na mizani isiseme neno. Basi maofisa wakaamuru zitengwe na zitupwe. Zebaki hushikamana na dhahabu upesi, lakini platini huikataa. Kwa njia hiyo mafundi waliweza kuzitenganisha, na platini iliyosalia ikamwagwa mitoni. Kitu kilichotolewa katika mto kwa jasho la watumwa kilirudishwa katika mto kwa amri ya serikali. Nionavyo mimi, ni vigumu kupata mfano mwingine wa jasho la watu kupotezwa bure kwa namna hiyo, na ni watumwa hao hao waliolilipia. Leo wakazi walio wengi wa Chocó ni wa uzao wao, na wapo miongoni mwao ambao hata sasa huosha mchanga kwa bakuli la mti.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba hapana mtu aliyeijua platini kabla ya Wahispania. Katika pwani ya Pasifiki, mahali paitwapo La Tolita, karibu na mpaka wa Ekwado na Kolombia, wenyeji wa kale walitengeneza pete na vipuli vya platini karne nyingi kabla meli ya Mzungu haijaonekana. Platini safi haiyeyuki mpaka joto lifike digrii 1,768, na moto wa makaa haukuweza kufika huko hata kwa mivukuto. Wahunzi wale walichanganya chembe za platini na vumbi la dhahabu, wakachoma juu ya makaa. Dhahabu, ambayo huyeyuka kwenye digrii 1,064, ikazishika chembe za platini kama saruji ishikavyo kokoto. Kisha wakafua, wakachoma tena, wakafua tena, mpaka pande lote likawa kitu kimoja. Wataalamu wa Ulaya walihangaika na chuma hicho muda mrefu baada ya mwaka 1748, ambapo Antonio de Ulloa, mwanamaji na mtaalamu wa Hispania, alichapisha habari zake; naye aliandika kwamba ni kigumu hata juu ya fuawe hakivunjiki kwa urahisi.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba platini haisafiri peke yake. Katika mchanga mmoja huandamana na ndugu zake watano: paladi, rodi, rutheni, iridi na osmi. Wote sita walitambuliwa kwanza katika platini ya mitoni, wala si katika mwamba. Kule London, kati ya mwaka 1802 na 1804, William Hyde Wollaston alipata paladi na rodi kwa kuyeyusha platini ya Amerika ya Kusini ndani ya asidi, na mwenzake Smithson Tennant akapata iridi na osmi katika masalio meusi ambayo asidi ilishindwa kuyala. Rodi ilipewa jina la waridi kwa rangi ya chumvi zake. Iridi jina la upinde wa mvua. Osmi jina la harufu, kwa kuwa mvuke wake wanuka vibaya, tena ni sumu. Rutheni ilichelewa hata mwaka 1844, ilipopatikana na Karl Klaus katika mji wa Kazan, katika masalio ya platini ya Urusi, naye akaipa jina la nchi hiyo. Leo metali hizi zimo katika vyombo vya kusafishia moshi wa magari, na kwa miaka 130, tangu 1889 mpaka Mei 2019, kilo ya dunia nzima ilipimwa kwa kipande cha platini na iridi kilichowekwa karibu na Paris.

Lakini tuyaache matumizi, tuutazame mchanga. Kwa nini chuma kizito namna hii kipatikane mtoni, mahali ambapo kila kitu husukumwa kwenda mbele?

Fikiri juu ya ungo. Mwanamke apepetapo mpunga hurusha na kudaka, na upepo huchukua pumba ukaacha mchele. Mto hufanya kazi hiyo hiyo, ila upepo wake ni maji, na haupumziki mchana wala usiku. Mchanga wa kawaida ni kwazi, na kwazi ni nzito kuliko maji mara 2.65. Platini ya mitoni, ambayo aghalabu imechanganyika na chuma cha kawaida, ni nzito kuliko maji mara 17 hivi. Sasa zingatia jambo ambalo wengi hulipuuza: ndani ya maji kila kitu hupungua uzito. Kipande cha kwazi cha gramu 265 kikizamishwa hubaki kama gramu 165 tu, maana maji hukiinua kwa gramu 100. Kipande cha platini chenye ukubwa ule ule kina gramu 1,700, nacho kikizamishwa hubaki na gramu 1,600. Nje ya maji platini ilimshinda mwenziwe mara sita na kitu. Ndani ya maji yamshinda karibu mara kumi. Maji humnyang'anya mnyonge theluthi ya uzito wake na zaidi, na mwenye nguvu humwachia karibu wote.

Ndiyo sababu mkondo unapolegea, platini ndiyo hutangulia kushuka. Hukaa upande wa ndani wa kona ya mto, nyuma ya majabali, chini ya maporomoko, na zaidi ya pote katika nyufa za mwamba ulio sakafu ya mto. Mwamba ambao matabaka yake yamesimama wima huwa kama meno ya kitana. Chembe ikiingia humo, mafuriko ya miaka elfu huenda yasiitoe. Pamoja nayo hukaa madini mengine mazito: magnetaiti nyeusi ivutwayo na sumaku, kromaiti, na dhahabu ikiwapo. Lundo la namna hiyo, ambalo maji au upepo umeyachagua madini yake mazito, wataalamu huliita plesa. Sisi Kenya tunazo za aina zetu. Dhahabu iliyooshwa Kakamega katika miaka ya 1930 nyingine ilitoka katika changarawe za vijito, na kule Kwale mchanga mzito wenye titani ulichimbwa tangu 2013 mpaka Desemba 2024. Platini haimo katika mchanga wa Kwale, lakini sheria iliyoukusanya ni hiyo moja.

Nifundishapo somo hili huleta darasani karai, ndoo mbili za maji, na mchanga wa kijito kilicho karibu na shule. Platini sina, na dhahabu si kitu cha mshahara wa mwalimu. Basi hununua chubwi la wavuvi, nikalikatakata vipande vidogo kama punje za mtama, nikahesabu ishirini, nikavichanganya na mchanga. Risasi ni nzito kuliko maji mara 11 tu, lakini yatosha kwa mafunzo, ilimradi kila mtu anawe mikono baadaye, kwa kuwa risasi ni sumu. Wanafunzi huosha kwa zamu. Wenye pupa huinamisha karai mara moja na kumwaga kila kitu, risasi na mchanga pamoja. Wenye subira hutikisa kwanza chini ya maji, ili kizito kipate njia ya kushuka, ndipo huinamisha kidogo kidogo na kuuacha mchanga wa juu uende zake. Mwaka mmoja msichana wa kidato cha pili alitoa vipande kumi na tisa. Wenzake walipokuwa wakimpigia makofi, yeye alikuwa angali ameinama juu ya karai, akasema, "Mwalimu, hivi tumevitia sisi. Vile vya mtoni vilitiwa na nani?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na wataalamu wamebishana juu yake kwa miaka mingi.

Jibu la kwanza ni la mlima. Kuna mwamba uitwao dunaiti, jina lililotokana na mlima Dun wa New Zealand. Ni mwamba mzito, karibu wote ni madini ya kijani yaitwayo olivini. Huzaliwa ndani sana ya dunia, mahali ambapo mawe ni moto hata yakayeyuka. Uji huo upandapo na kuanza kupoa, olivini na kromaiti hutangulia kuganda, na pamoja na kromaiti hugandamana chembe za platini iliyoshikana na chuma. Mamilioni ya miaka yapitapo, mvua na jua huula mwamba huo. Olivini huoza, sehemu yake huchukuliwa na maji, na chuma chake hubaki kuwa udongo mwekundu. Kromaiti na platini haziozi upesi. Husalia, hushuka mteremko pamoja na udongo, huingia katika kijito, na hapo ungo wa maji huanza kazi.

Milima ya Ural katika Urusi ni ushahidi mkubwa wa jibu hilo. Chembe nyeupe zilionekana huko mwaka 1819 katika mchanga wa dhahabu, na ilipofika mwaka 1824 plesa tajiri za platini zilikuwa zimekwisha kugunduliwa. Serikali ya Urusi ilipata platini nyingi hata ikapiga sarafu zake, za rubo 3, 6 na 12, tangu mwaka 1828 mpaka 1845. Kwa muda wa karibu miaka mia moja sehemu kubwa ya platini ya dunia ilitoka huko. Mafungu ya dunaiti yamejipanga kufuata milima hiyo kwa mamia ya kilomita kama shanga katika uzi, na mito yenye platini ndiyo ishukayo kutoka katika mafungu hayo. Madonge mengine yalikuwa makubwa ajabu; moja lenye uzito wa karibu kilo 8 limehifadhiwa mjini Moscow hata leo. Madonge yaliyookotwa karibu na chanzo yalikuwa na kona kali, na kromaiti nyeusi imeyang'ang'ania bado kama kupe. Yale ya mbali yalikuwa yamelainishwa na safari. Mtu mwenye macho aliweza kuisoma njia ya dawa hii ya mto, nyuma na mbele, kwa umbo la chembe tu.

Alikuwapo mtu mmoja aliyesoma njia hiyo kwa faida kubwa. Mwaka 1924, upande wa mashariki wa nchi iliyoitwa Transvaal katika Afrika Kusini, mkulima jina lake Andries Lombaard aliosha mchanga wa kijito kikavu katika shamba la Maandagshoek. Chini ya karai alipata chembe nyeupe nzito. Hakuzitupa kama walivyofanya maofisa wa Chocó. Alizipeleka kwa mtaalamu wa miamba, Hans Merensky. Merensky alitambua kuwa ni platini. Sasa hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mtu na mtu. Anayedhani kwamba utajiri umo katika mchanga atabaki mchangani, akiosha mpaka kijito kiishe, na kijito kile kilikuwa kidogo. Merensky aliuchukulia mchanga kuwa ni mjumbe, akauliza mjumbe ametumwa na nani. Alipanda mteremko akichunguza mwamba kwa mwamba, na mwaka huo huo wa 1924 aliipata platini kwanza katika nguzo ya dunaiti iliyosimama ardhini, kisha katika tabaka jembamba la mwamba, aghalabu lisilozidi mita moja kwa unene, ambalo liliendelea kilomita nyingi, nchi nyingi, shamba baada ya shamba. Tabaka hilo laitwa kwa jina lake hata leo. Limo katika fungu kuu la miamba liitwalo Bushveld, lililoganda zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, na zaidi ya nusu ya platini ijulikanayo duniani imo humo.

Ndani ya tabaka la Merensky platini ni gramu chache katika tani nzima ya jiwe, na chembe zake nyingi hazionekani kwa macho. Mtu angeweza kulikalia jiwe hilo maisha yake yote akalifanya kiti, asijue. Ni kijito kilichokusanya kidogo kidogo, kikampa Lombaard kiasi cha kuonekana.

Lakini mjumbe huyo hakusema yote. Katika tabaka la Merensky paladi ni nyingi, ingawa haifikii wingi wa platini. Wataalamu wa Ujerumani, wakiongozwa na Thomas Oberthür, walirudi katika mito ya upande huo, na mwaka 2004 wakachapisha habari za chembe walizoosha humo. Platini walipata, lakini madini ya paladi yalikuwa haba sana. Yamekwenda wapi? Paladi huyeyuka katika maji ya udongo kwa wepesi kuliko platini. Mwamba uozapo, paladi huondoka kimya kimya, na kijito hubeba chembe za ndugu aliye mkaidi. Anayehesabu mali ya mlima kwa kutazama mchanga peke yake atamsahau ndugu mmoja katika urithi.

Na hapo hapo ndipo lilipoota jibu la pili. Ikiwa paladi yaweza kuyeyuka katika maji ya udongo, kwa nini platini isiyeyuke japo kidogo? Na kilichoyeyuka mahali pamoja chaweza kuganda mahali pengine, kama chumvi igandavyo kando ya ziwa Magadi. Yamkini basi madonge ya platini hayakutoka mlimani yakiwa madonge. Yamkini yalikua mumo humo katika udongo na mchanga, tabaka juu ya tabaka.

Hoja hii ilipata nguvu kwa jirani zetu wa kaskazini. Magharibi ya Ethiopia, katika nchi ya Wallaga, pana mahali paitwapo Yubdo, kando ya mto Birbir, ambao maji yake huingia mto Baro na hatimaye Nili Nyeupe. Platini imeoshwa huko tangu miaka ya 1920. Chini pana dunaiti. Juu yake umetandama udongo mwekundu mzito, na platini imo ndani ya udongo huo hata kabla haijafika mtoni. Mtaalamu wa miamba, S. S. Augustithis, alichunguza mahali hapo, na katika maandishi yake ya 1965 na miaka iliyofuata alitoa rai kwamba madonge ya Yubdo yalikuzwa na udongo wenyewe. Hoja yake haikuwa ya kubeza. Madonge yalionekana makubwa kuliko chembe zilizojulikana katika mwamba ulio chini yake. Na udongo wa nchi za joto, wenye mvua nyingi na majani yaozayo, una asidi za namna nyingi zenye nguvu ya kuyeyusha. Huko Sierra Leone pia, katika milima iliyo karibu na Freetown, J. F. W. Bowles alitoa hoja ya jinsi hiyo katika miaka ya 1980.

Waliosimama upande wa mlima walijibu kwa kuyakata madonge. Louis Cabri wa Kanada na wenzake walichapisha mwaka 1981 uchunguzi wa madonge ya Ethiopia. Ndani ya platini walikuta madini mengine yamefungwa, yakiwamo ya osmi, katika hali ambayo joto la udongo haliwezi kuileta. Donge lililokuzwa na maji ya mvua lingepataje kiini cha namna hiyo? Ni kama kukuta kaa la moto ndani ya barafu, ukaambiwa kwamba vyote viwili vilipikwa katika chungu kimoja. Kuhusu ukubwa wa madonge, jibu lao ni rahisi, na kwangu mimi latosha: mtu huchunguza mwamba kwa vipande vichache vilivyo sawa na ngumi, lakini mto umechunguza mlima mzima kwa mamilioni ya miaka. Ikiwa mlima ulikuwa na madonge makubwa kumi tu, mto utakuwa nayo, na mtu mwenye nyundo hatayaona kamwe.

Kisha ikaja hoja nyingine, ambayo huwapendeza wanafunzi wangu kuliko zote, kwa kuwa ni saa iliyofichwa ndani ya chembe. Kuna metali iitwayo reni, ambayo aina yake moja hugeuka polepole ikawa osmi ya aina maalumu, osmi-187. Ni polepole mno: nusu yake hugeuka kwa muda wa miaka bilioni 42 hivi, na dunia yenyewe haijatimiza hata bilioni 5. Miamba ya juu ya dunia, tunayokanyaga na kulima, ina reni nyingi kulinganisha na osmi yake. Kwa hiyo kadiri ilivyozeeka ndivyo ilivyojaa osmi-187, na maji yapitayo katika miamba hiyo huibeba. Ndani sana ya dunia reni ni haba kulinganisha na osmi, na alama hiyo ni hafifu. Basi chembe iliyokulia mtoni yapasa kuwa na alama ya mto, na iliyozaliwa kilindini yapasa kuwa na alama ya kilindi. Katika kisiwa cha Borneo, Keiko Hattori na wenzake walilinganisha chembe za mtoni na chembe zilizomo ndani ya kromaiti ya mwamba, wakachapisha matokeo mwaka 1992. Alama zilikuwa za kilindi. Mto ulikuwa umezibeba tu.

Mimi, kama msomaji alivyokwisha kuona, nimeelekea upande wa mlima. Ushahidi wake ni mwingi, na umepatikana kwa njia tofauti zinazokutana mahali pamoja. Walakini pana kijito kimoja katika Brazili kinachonizuia kuufunga mjadala huu mbele ya darasa.

Jina lake ni Bom Sucesso, karibu na mji wa Serro katika jimbo la Minas Gerais. Chembe zake zilijulikana tangu siku za Wollaston, aliyeandika habari za platini na paladi ya Brazili mwaka 1809. Hazifanani na za Ural wala za Yubdo. Zina paladi nyingi, ile ile ambayo mito mingine huipoteza, zina zebaki, na umbo lake ni la vishada vya mviringo, kama zabibu au kama matumbawe, zikikatwa huonyesha pete ndani ya pete. Umbo la namna hiyo ni la kitu kilichoganda kutoka katika maji, tabaka baada ya tabaka, pasipo joto la kuyeyusha mwamba. Maji hayo yalikuwa ya aina gani, ya moto kutoka chini au ya baridi kutoka juu, ni jambo ambalo wataalamu wangali wakilibishania.

Mwaka 2016 Frank Reith wa Australia na wenzake walichukua chembe za platini kutoka Brazili, kutoka Australia kwenyewe, na kutoka Chocó ile ile ambako hadithi hii ilianzia. Walizitazama kwa darubini yenye nguvu kubwa, na juu ya chembe hizo wakakuta utando mwembamba wa vijidudu vilivyo hai, bakteria, vimeifunika metali ambayo asidi nyingi huishindwa. Karibu na utando huo palikuwa na chembe ndogo mno za platini, dalili kwamba metali huyeyushwa na kugandishwa upya hapo hapo, kwa kiasi kidogo. Nilipowasomea habari hizo wanafunzi wa mwaka huu, kijana mmoja aliuliza kama bakteria wale hula platini. Nilimjibu kwamba hawaili. Yaelekea kwamba metali hiyo iliyoyeyuka ni sumu kwao, nao huigandisha ili isiwadhuru. Akaandika jibu hilo daftarini, kisha akauliza inachukua miaka mingapi mpaka chembe ikue kwa namna hiyo, na kengele ikalia.